Kondo Ambalo Sikulizika

Mama Wekesa,

Wekesa anaona. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda barua za kuzungukazunguka.

Ulituacha ukijua vile chokaa ilivyomrukia akipiga plasta kule Kajiado, jicho la kulia likabaki na ukungu mweupe. La kushoto lilikuwa hafifu tangu surua ya utotoni. Na uliniachia agizo: binti yetu Nekesa akijifungua, kondo la nyuma nilizike kwa mkono wangu hapa Kitengela. "Makondo ya watoto wetu yalibaki Elgon, kwenye shamba tulilofukuzwa," ulisema. "Hili likizikwa hapa, tutakuwa na kwetu."

Basi siku Nekesa alipojifungua kwa upasuaji nilifika hospitali na ndoo yenye kifuniko. Shimo nilikuwa nimeshachimba kando ya kaburi lako. Muuguzi akanicheka: "Mzee, umekuja kuteka maji?"

Kumbe daktari wa macho alikuwa ameshamwomba Nekesa kondo hilo. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua, waliniogopa. Ndani yake mna ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Daktari angetoa chembe hai chache ukingoni mwa jicho la kushoto la Wekesa, kwani ukingo ulikuwa mzima, azilaze juu ya ngozi hiyo, zimee kwenye jicho lililoungua. Kondo lililobaki lingechomwa, ndiyo sheria yao.

Niliitazama ndoo yangu. Miaka yote hii ya kuishi kama mgeni, nikingoja shimo moja tu.

Fomu ya kulitoa kondo ilikuwa mapajani mwa Nekesa, bado haina sahihi. "Baba, Mama alitaka tuwe na kwetu. Sasa kwetu ni udongo ama ni Wekesa?"

Nikampa kalamu yangu.

Nilirudi na ndoo tupu. Nililia pale shimoni, nisamehe.

Jicho la Wekesa likatibiwa, majuma yakapita. Siku moja Wekesa akanikazia macho mlangoni, akaangua kicheko: "Mzee, kumbe umezeeka hivi!" Sijawahi kutukanwa vizuri namna hiyo! Jana alipiga plasta ukuta wetu wa mbele, na ufa uliojificha aliuona yeye kabla yangu.

Nilikuwa nimepanga kuihamisha mifupa yako siku tukirudi Elgon. Sitaihamisha. Lile shimo nimelifukia, na nimewaambia watoto mahali hapo ni pangu siku yangu ikifika.

Pumzika, mke wangu. Tumeshafika kwetu.

Baba Wekesa