Siku Mdogo Wake Alipokuja

Jumatatu, 3 Machi
Mbunge kaanguka tena. Katikati ya vyuma vya mazoezi, mikono yote miwili imeshika, miguu ikamkana tu. Nilimdaka kwapani. Akacheka — "Daktari, sakafu hii inanitongoza." Domo hilo ndilo lililompa jina la Mbunge. Mara ngapi nimemwambia mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi ya viungo? Hasikii.

Alipoletwa shuleni kwetu alikuwa anatembea mwenyewe. Misuli inakwisha kidogo kidogo, ndio ugonjwa wenyewe. Hospitali wameshasema: basi, mkalisheni kwenye kiti cha magurudumu kabla hajavunjika. Jana mama yake kapiga simu: kutembea anaendeleaje? Nikasema anajitahidi. Anajitahidi! Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Mbunge habari ya kiti. Nilijiandaa na maneno mengi, yote yakayeyuka. Akawa anavuta uzi wa godoro la mazoezi. Kisha: "Na kukojoa? Nitakojoa nimekaa kama msichana?" Nikasema tutatafuta njia, matroni atasaidia. "Simtaki matroni." Akalia bila sauti, uso kaugeuzia ukutani. Mimi nikaendelea kumnyoosha vifundo vya miguu. Mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

Mwishoni akauliza kama kiti kina breki.

Jumamosi, 8 Machi
Kiti kimefika. Kinampwaya. Tumejaza mito ubavuni. Kesho ni siku ya wazazi kutembelea.

Jumapili, 9 Machi
Sijui nianzie wapi.

Mama yake alisimama mlangoni, akakitazama kiti, mtoto hakumtazama. "Nilikuletea mtoto anatembea, dada. Nani kamkalisha?" Nikaanza kueleza. Hakuniacha nimalize. Eti nimemkatia tamaa mwanawe, nimechoka na kazi, kukaa ndiko kunakomwua miguu. Mbunge akajaribu mzaha — sasa ana gari, mama, wa kwanza kwenye ukoo! Hakuna aliyecheka.

Kisha mama akaketi, akajifuta uso. Akasema afadhali Mungu kamwachia huyu mdogo, mzima. Alikuja naye, wa miaka mitano, kwao wanamwita Nukta. Alikuwa sakafuni na mpira wangu mkubwa. Mama akamwita. Nukta akapiga magoti, akainua makalio, akashika magoti yake, kisha mapaja, akajikwea kwa mikono mpaka akasimama. Kama mtu anayepanda mti, na mti ni yeye mwenyewe.

Mtoto mwenye misuli mizima hainuki hivyo. Kaka yake aliinuka hivyo hivyo.

Nilipoinua macho, Mbunge alikuwa ananitazama mimi.

Mama anampapasa mdogo kichwani — "Huyu ndiye atakayenibeba uzeeni." Nikasema ngoja nilete maji. Maji! Nikajifungia stoo, kwenye magongo na viatu vya chuma.

Jumatatu, 10 Machi
Mbunge ndiye aliyeanza. Ameona mdogo wake anavyoinuka tangu likizo. "Usimwambie mama. Mwache afurahi kidogo." Ugonjwa huu hupitia kwa mama, na Mbunge anajua. Amewasikia shangazi zake wakisema tumbo la mama ndilo bovu. Sasa na wa pili? Watamla nyama.

Nikamwambia kweli: dawa haziponyi, ila mtoto akiwahiwa, pamoja na mazoezi, huchelewesha misuli kuisha.
"Mimi mliniwahi?"
Hapana.
"Mngeniwahi je?"
Labda ungekuwa bado unatembea. Labda.

Akafunga breki, akafungua, akafunga. Nikaogopa hata kukohoa.

"Basi mwambie. Si kwa simu, lakini. Na mimi niwepo."

Nimempigia mama aje Ijumaa, na Nukta. Kuzungumza kidogo, nikasema. Sauti yake ikachangamka: kumbe nimebadili mawazo kuhusu kile kiti? Nikasema tutaongea akija.

Jumatano, 12 Machi
Baba watoto anauliza nina nini. Nilimwambia kitinda mimba wetu akae chini, ainuke. Akae, ainuke tena. Alidhani ni mchezo. Aliinuka vizuri kila mara. Nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika nikiwa chumba cha mazoezi. Nimepanga viti, nimevipangua, nimevipanga. Mwalimu mkuu alitaka kuwepo, nikamkatalia. Akaniangalia kama nimemtukana. Liwalo na liwe.

Wameingia getini, nawaona dirishani. Mama kavaa nguo ya kutokea, amependeza. Nukta yuko mbele, anakimbia kwa ncha za vidole. Ameiacha njia ya viti vya magurudumu, kafuata ngazi — kaanguka! Halii. Mama kamnyanyua, kampachika mgongoni, anapanda naye ngazi huku anaruka-ruka kama farasi. Wote wawili wanacheka mpaka huku ndani nasikia.

Mbunge naye anasikia. Amejisukuma mpaka mlangoni, amejivuta akakaa wima kadiri awezavyo, kola ya shati kaiweka sawa.

"Daktari," anasema bila kugeuka, "weka kalamu chini."