Fyuzi ya Kiwanda cha Majani

Jumatatu, 5 Machi 1934

Stima imekufa kiwandani saa nne asubuhi. Feni kimya, majani ya chai yamelala juu ya nyavu, yanaanza kunuka. Bwana meneja akamrukia Otiende, mume wa binti yangu Adoyo. Yeye ndiye huangalia dainamo, mashine ya kutoa stima. Umeichoma! Fundi anakuja kesho. Akikuta imeungua, Jumamosi Otiende atoke, na nyumba ya kempu ya wafanyakazi airudishe. Mtoto wa Adoyo ana wiki sita! Nimemtania huyu mkwe tangu aoe. Leo utani umenikwama.

Jumanne, 6 Machi

Fundi amefika, Mkisii mfupi, jina Gichana. Dainamo hakuigusa! Alifungua kisanduku ukutani, akatoa kauri nyeupe yenye kawaya kembamba kama unywele — kamekatika. Akasema hii ni fyuzi. Stima ikizidi, yenyewe inayeyuka, dainamo inapona.

Nikamwambia, kijana, huo ni uchoyo wa wazungu, weka seng'enge! Akacheka. Mzee, kitu kinene hakikatiki. Kitakachoungua ni dainamo, halafu kiwanda, halafu wewe.

Akamgeukia bwana: jana mliongeza nini? Shingo ya bwana ikawa nyekundu. Pasi mpya ya stima, ya memsab mkewe! Wamevuta waya kutoka hapa mpaka kwao, anyooshe nguo zake. Haya basi! Fyuzi mpya ikatiwa, feni zikalia. Otiende abaki. Asante Mungu — na mimi kanisani siendi.

Adoyo alilia, akacheka, akaunguza ugali. Tumekula hivyo hivyo.

Jumatano, 7 Machi

Kempu nzima ni fyuzi, fyuzi. Mke wangu Wilkista anasema fyuzi ya nyumba hii ni yeye: mimi nikizidi, yeye ndiye hukatika. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 8 Machi

Naandika nimekaa juu ya gunia, hapa hapa kiwandani. Pasi tena! Fyuzi imekatika mara mbili kabla ya saa sita. Bwana amechoka, ameleta msumari: Otiende, weka huu.

Otiende akauangalia. Akasema, hapana, bwana. Dainamo itaungua.

Hapana! Kwa mzungu! Huyo ni mkwe wangu!

Bwana akapanda njia ya kwake. Amefuata pasi, au kitabu cha kufukuzia watu — sijui. Otiende ameketi karibu nami. Ananiambia, Baba, nimeharibu? Nikamwambia, vuta pumzi.

Huyo bwana, anarudi. Mikono nyuma — lakini waya wa pasi unaburuzika chini!