Msalaba wa Nta wa Fañch

Paris, 9 Juni 1929

Mama mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila chakula hakipiti. Goti lako je?

Gazeti lililomnunulia kaka Fañch ndege ya kuvukia bahari linaapa kwamba meli tatu zinamtafuta. Mhariri alinialika, akanilisha chaza. Huku maji ya chaza yakimchuruzika kidevuni, akasema, "Mwambie mama asikate tamaa, binti. Wasomaji wanampenda!" Niliisukuma sahani. Lakini Mama, usiulaze bado mezani msalaba wa nta na kuukesha badala ya mwili wake, kama tufanyavyo kisiwani kwa waliomezwa na bahari. Hatujui kama amekufa.

Mwanao, Soazig

Ouessant, 15 Juni

Soazig mwanangu,

Milele amina. Goti ni lile lile, nalikokota.

Mzee Tual, baba wa ubatizo wa Fañch, alishafika mlangoni na msalaba kwenye kitambaa cheupe. Nikamwambia, "Rudi nao. Nikimkesha aliye hai, nitakuwa nimemuua mimi."

"Mama Fañch, hakuna ndege inayoruka siku kumi na tisa."

"Meli zinamtafuta!"

Akaondoka bila hata kunywa kahawa. Majirani hawajui wanipe pole au waniulize habari, wananikwepa kisimani. Mwandishi wa gazeti naye alikuja na kamera, akataka nitazame baharini nikitabasamu. Nilitabasamu, Mungu anisamehe. Kwa ajili ya zile meli.

Mamako

Paris, 2 Julai

Mama,

Leo sina salamu. Hakuna meli. Haukutumwa hata mtumbwi.

Jana karani mmoja wa gazeti, aibu imemshika, alinifungulia kabati. Mna kipande cha bawa, na skafu ya bluu niliyomfumia mwenyewe, na ile mishono niliyoikosea pembeni. Wavuvi walivileta tarehe tano Juni. Tarehe tano, Mama! Siku nne kabla ya chaza zao.

"Matumaini yanauza magazeti," mhariri akasema nilipomwendea, akijikuna shingo. Nimemtemea mate usoni. Watu hawa wananuka kuliko samaki wa juzi.

Mwite Mzee Tual. Skafu ninayo.

Soazig wako

Ouessant, 8 Julai

Soazig mwanangu,

Tuliobaki tu wazima. Tumemkesha. Nyumba ilijaa, hata waliokuwa wananikwepa walikuja, na asubuhi Mzee Tual akaupeleka msalaba kanisani.

Adhuhuri yule mwandishi akashuka botini, amechelewa. Akaomba tuurudishe msalaba mezani, turudie mkesha mchana kweupe apate picha nzuri. Na mimi nilie kidogo.

Nikamtabasamia vile vile alivyonifundisha, nikafunga mlango.

Njoo na skafu. Usiifue.

Mamako