Chumba cha Chamwino

Jumatano

Sijamwambia mtu: nimemdanganya mama. Chumba cha Chamwino hakijachukuliwa. Ni kisafi, kodi tunaiweza, na mama angeenda sokoni kwa miguu na mboga zake.

Mwenye nyumba alifurahi nilipopiga goti kumwamkia. "Marahaba, binti. Watoto wa kuamkia hivi wamekwisha. Mwambie mama yako namshikia mpaka Ijumaa, simpi mwingine."

Nilipotoka nikamwona Rehema, tuliyemaliza naye kidato cha nne, anaanika nguo nyumba ya pili. Miaka yote minne nilimwambia kwetu ni Kilakala, kwenye nyumba yetu wenyewe. Nikavuta mtandio usoni, nikapita.

Nyumbani nikasema kimeshapata mtu. Mama akaangalia malengelenge miguuni mwangu. "Pole, mwanangu, umezunguka sana. Kesho nitaenda mwenyewe kuangalia Mkundi."

Mkundi. Kila alfajiri, na beseni lake la mboga kichwani, kutoka kule mbali mpaka sokoni.

Adabu yote nimeimaliza kwa mtu baki.

Daftari, usimwambie mtu yeyote. Mama niachie mimi nimwambie, kabla ya Ijumaa.