Maelezo ya Namuria Losike Kuhusu Ombi la Ruzuku na Kifo cha Mtoto Erupe

KITUO CHA POLISI, KAKUMA
Tarehe: 4 Julai 2025
Jina la shahidi: Namuria Losike
Umri: Miaka 38
Kazi: Kusuka vikapu
Makao: Kakuma mjini

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wanaosuka vikapu. Akuwam Lomorukai ni mwanachama na jirani yangu. Ni mjane. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Erupe, wa miaka miwili.

Mnamo Jumanne tarehe 10 Juni 2025, mwanamume anayeitwa Lokaale alikuja tukiwa kikaoni. Alitusalimu, "Ejok." Alisema kaunti inatoa ruzuku kwa vikundi vya akina mama na yeye anajua njia ya kuomba. Kila mama alitoa mbuzi mmoja ili yeye asukume ombi Lodwar. Akuwam alitoa yule aliyekuwa akimkamulia mtoto.

Lokaale alitutazama mmoja mmoja, kisha akampiga picha Erupe. Mtoto alikuwa amekonda. Alisema, "Huyu ndiye atatuletea pesa."

Baada ya wiki moja hivi Erupe alianza kuhara. Muuguzi wa zahanati alikuwa amempa Akuwam zile pakiti za karanga za watoto waliokonda. Lokaale alizikuta nyumbani kwake, nami nilikuwepo. Alizichukua akaweka kwenye begi lake. Alimwambia, "Mama Erupe, wewe unataka ruzuku ama hutaki? Wakaguzi wa kaunti wakija wakute mtoto mnene, watasema mimi ni mwongo."

Nilimwambia Akuwam tumpeleke mtoto hospitali hata kama ni kwa mgongo. Alinijibu, "Dada, wakaguzi wanakuja Jumatatu. Nikiharibu, nitaharibia kikundi chote."

Erupe alikufa Jumapili tarehe 29 Juni, asubuhi, mikononi mwa mama yake. Tulimzika siku hiyo.

Tukiwa bado kaburini, Lokaale alifika kwa pikipiki. Hakusema pole. Alimwambia Akuwam achutame kando ya kaburi na ashike blanketi la mtoto. Akatoa simu. Alisema, "Hii ina nguvu kuliko ile ya kwanza. Usilie sana, uso hauonekani."

Akuwam alijipangusa uso akachutama. Mimi nilimsukuma Lokaale akaanguka. Aliondoka akinitukana.

Jumatatu hakuna mkaguzi aliyekuja. Mnamo tarehe 3 Julai nilienda Lodwar, kwenye ofisi inayoshughulikia ruzuku hiyo. Dada wa hapo alitafuta jina la kikundi chetu, hakulipata. Alisema fomu ni ya bure, inachukuliwa kwa ofisi ya wadi. Kinachotakiwa ni cheti cha usajili, akaunti ya benki na mpango wa biashara. Nilimuuliza kama wanaangalia picha za watoto. Alisema, "Za watoto? Hapana, mama. Tunaangalia vikapu."

Jioni nilimweleza Akuwam yote. Akauliza, "Kwa hivyo ningempeleka hospitali, na bado tungeomba?"

Nilimwambia ndiyo.

Tangu hapo hajasema neno, wala maji hataki kunywa. Ndiyo sababu nimekuja peke yangu.

Niliyoyasema hapa niliyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, na ni ya kweli.

Sahihi: N. Losike

Maelezo haya yameandikwa nami kwa Kiswahili. Shahidi alikatiza maelezo mara mbili, kisha akaomba tuendelee. Mshukiwa bado hajapatikana.
Koplo Ochola