Leo Wamekuja Kuwauliza Watu Wangu

Jumamosi jioni, Kansanga. Mvua imenyesha asubuhi yote, ikakatika wageni wakikaribia kufika. Mikono yangu bado inanuka vitunguu na miguu inaniuma, lakini nataka kuandika kabla sijalala.

Leo wazazi wa Denis wamekuja kuniposa.

Kwa msichana mwenye kwao ni jambo la kawaida. Mimi kwetu Bunia, Kongo, hakubaki mtu wa kupokea wageni. Tulitawanyika tulipokimbia vita. Mama nilimzika njiani, na kaka zangu sijasikia habari zao hadi leo. Nilipofika Kampala nilikuwa nimeacha kuomba. Sikumkasirikia Mungu. Sikuwa na la kumwambia tu.

Kanisani nilifika kwa sababu ya lugha. Nilikuwa natafuta kazi kwenye barabara ya Ggaba, nikasikia watu wanaimba Kiswahili cha kwetu, ghorofani juu ya maduka. Nikapanda ngazi, nikakaa. Ibada ilipoisha, Mama Bahati, anayeuza vitenge hapo chini, akaniuliza nimekula wapi siku ile. Sikuwa nimekula. Tangu hapo nalala chumba kimoja na binti zake. Maombi yalirudi polepole: kwanza niliombea chakula, baadaye kaka zangu, na sasa hata Denis.

Denis amezaliwa kambi ya polisi. Baba yake ni Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, polisi mstaafu, Mkristo. Mama yake ni Mwislamu. Hawana neno nami. Ila mzee alisema wazi kwamba hachukui msichana bila kuonana na watu wake.

Wiki nzima nimekuwa na hofu. Dada mmoja wa kwaya alishauri tuseme Mama Bahati ni shangazi yangu, dada wa baba. Nani angejua? Mimi nilikuwa tayari. Mama Bahati akakataa.

"Siwezi kusema uongo mchana, kisha jioni niombe Mungu abariki ndoa yako. Tutasema vile tuko."

Nilimkasirikia. Niliona ukweli wake utanikosesha mume.

Basi leo watu wa kanisa wakajaa sebuleni kwa Mama Bahati, wengine wakasimama mlangoni. Mchungaji akaomba. Mzee, baba yake Denis, aliletewa soda, akaiweka chini bila kuionja, akaanza kuongea Kiswahili chake cha kambini.

"Mimi nakuja kuona watu yake. Hapa mimi naona watu ya kanisa. Nyinyi ni damu yake?"

"Hapana, baba," Mama Bahati akajibu. "Hakuna hapa mwenye alimzaa. Wa damu yake wamekufa ao wamepotea. Alitufikia kanisani, tukamchukua kuwa mtoto."

Nilitazama sakafu. Denis naye alitazama viatu vyake.

"Sasa kama kijana yangu anamsumbua, huyu msichana atarudi wapi?"

"Hapa. Na mimi nitakuja kumuuliza huyo kijana wako."

"Kama iko mgonjwa?"

"Wamama wa kanisa watapeana zamu."

"Na kama anazaa?"

"Nitakuja kumuogesha mtoto. Hata usiponiita."

Mama yake Denis akacheka kidogo. Mzee hakucheka.

"Mimi nilizika askari mingi," akasema mwishowe, "na hakuna mtu nakuja kuuliza yeye iko wapi. Mimi naogopa mtu yenye hana mtu ya kuuliza. Huyu iko nao." Kisha akainua soda yake, akanywa.

Nilikimbilia jikoni, nikalia. Mama Bahati akanifuata. "Unalilia nini na wali unaungua?" Akanisukuma pembeni, akaepua sufuria mwenyewe, akaendelea kunigombeza mpaka wali ulipopakuliwa. Nikapangusa machozi, nikamsikiliza. Ni miaka mingi sijagombezwa hivyo.

Nimekuwa nikimwomba Mungu anirudishie watu wangu. Hajanirudishia, na sijui kama kaka zangu wako hai. Naendelea kuwaombea kwa majina. Lakini leo nimeulizwa, na alikuwapo wa kunijibia.

Na kama tungedanganya? Ningeishi kwa wakwe zangu nikichunga maneno, nikiogopa siku mtu wa Bunia atakapopita na kusema baba yangu hakuwa na dada. Heri ilivyokuwa.

Walipokuwa wanaondoka, mama yake Denis alinishika mkono, akasema angependa kuja kesho kusikia tunavyoimba, ikiwa si vibaya. Nimemwambia si vibaya hata kidogo. Sijui atajisikiaje katikati yetu. Nitamkalisha karibu na mama yangu.

Nimeisoma tena sentensi hiyo, hasa "mama yangu". Naiacha ilivyo.