Taa Isiyojua Kufifia

Kwa kaka yangu Galgalo,
Sericho.

Asalaam aleikum warahmatullah. Mimi ni mzima, hata mguu uliokuwa ukinisumbua umetulia. Nyinyi huko mnaendeleaje? Nimesikia maji ya kisima yamepungua na ngamia wanapelekwa mbali tena. Poleni sana. Yule jike mweupe amezaa? Niambie ukweli, usinifiche kwa sababu niko mjini. Na wewe Qabale mwanangu, unayemsomea baba yako barua hii, soma polepole, na usiruke pale shangazi yako alipokasirika.

Kaka, ujumbe wako nimeupata. Unataka nirudi Sericho, kwamba mjane wa nyumba yetu kama mimi hawezi kufokewa kwa ajili ya samaki, kitu ambacho baba yetu hakuwahi hata kukitia mdomoni. Nakuheshimu, wewe ndiye mkubwa wangu. Lakini sirudi. Nikirudi sasa watasema niliwaua kisha nikatoroka, na mimi sikuua mtu wala samaki. Ngoja nikueleze.

Hoteli ninayofanya usafi hapa Isiolo iliweka tangi kubwa la kioo lenye samaki pale mapokezi, ili wageni wakiingia na vumbi lao waone maji. Meneja akaniambia, "Mama Halima, wewe ni mtu wa mifugo. Hawa ni wako." Nilicheka, lakini niliwapenda. Kuna wekundu, kuna wa madoa, na kuna mmoja mweusi, mvivu, niliyempa jina Guracha.

Shida ni taa. Meneja aliinunua rahisi, ya LED, na rimoti ndogo ya kupunguza mwanga. Kwenye boksi wameandika kwamba inapungua kwa hatua kumi. Uongo mtupu! Kuanzia kumi mpaka tano huoni tofauti yoyote. Ukifika mbili inaanza kupepesa kama jicho lililoingia mchanga. Bonyeza tena, giza totoro. Taa ile haina jioni. Na baya zaidi, haina kumbukumbu. Unajua stima ya hapa inavyopotea. Ikirudi, taa imeshasahau yote niliyoipangia, inawaka kwa nguvu zake zote, na samaki waliokuwa wametulia gizani wanashtuka na kujigonga kwenye kioo. Mchana nao mwanga ukizidi, maji yanaota ukijani mpaka wageni hawaoni kitu.

Samaki wawili wakafa. Meneja akaja na daftari. "Wamebaki wangapi?"

Kaka, wewe unajua. Nani kwetu anahesabu mifugo kwa mdomo, ailetee mkosi? Nikamwambia, "Mimi siwezi hesabu. Najua tu nani hayuko. Ile nyekundu ya mkia mrefu hayuko, na moja ya madoa."

Akawageukia wenzangu. "Mnaona? Hata namba hajui. Huyu analala kazi."

Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga. Mimi nawajua mmoja mmoja kwa sura, na yeye mwenye daftari hangeweza kukuambia yupi alikufa.

Fundi wa stima, Mwiti, mtu wa Meru na muungwana wa kweli, alijaribu kunisaidia. Akaifungia taa ile swichi ya ukutani ya kuzungusha, ya kupunguza balbu za nyumbani. Taa ikatetemeka na kuvuma kama nzi aliyefungiwa chupani. Akaitoa mbio.

"Mama, hii kitu ni ya kuwaka na kuzima tu. Ukilazimisha itaungua."

"Kama imekataa kushuka," nikamwambia, "basi itapanda."

Mama yetu alinifundisha kujenga nyumba kabla sijafikia paa kwa mkono. Nilileta fito, nikazikunja juu ya tangi, nikazifunga kwa kamba vile tunavyofunga nyumba ya kuhama. Taa nikaitundika juu kabisa, mbali na maji, na chini yake nikatandaza neti ya mbu: moja asubuhi, mbili alasiri, tatu jua likishuka. Sasa stima ikirudi na hasira zake, mwanga unafika majini umechoka. Samaki wakaacha kushtuka.

Meneja kuona vile, "Mama, umejenga manyatta ndani ya hoteli?" Wageni walikuwa wanaipiga picha, yeye anaona haya. Akaniamuru niibomoe. Kisha akanisukumia karatasi: nisaini kwamba samaki walikufa kwa uzembe wangu, ndipo nibaki kazini.

Nikamjibu mbele ya wote, "Nabomoa. Lakini simama hapa kwanza."

Nikatoa neti, nikairudisha taa chini, nikafunga mapazia, nikaipunguza mpaka ikaanza kupepesa. Tukangoja samaki watulie. Mwiti akazima swichi kubwa, akakaa kidogo, akawasha. Mwanga ukajaa tangi lote, na Guracha akajigonga kwa kishindo, hata mpishi akachungulia kutoka jikoni. Roho iliniuma kumfanyia hivyo. Ashukuriwe Mungu, hakuumia.

"Haya niambie," nikasema, "ni nani amelala kazi?"

Meneja alikohoa. "Rudisha hiyo nyumba yako." Halafu akaongeza, "Lakini karatasi utasaini tu. Ni ya faili, mwenye hoteli anaingoja."

Hapo ndipo nilipokataa katakata. Wenzangu wananiambia ni wino tu, nisaini yaishe. Kaka, lile ni jina langu. Nilijifunza kuliandika nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la ngumbaru, mtoto mgongoni, na siligawi kwa uongo. Nikamwambia, "Andika taa ndiyo iliua, mimi nitasaini mara mbili." Hajaandika. Leo ni siku ya tatu. Akitaka kunifukuza anifukuze, lakini ameshaona kwa macho yake. Mimi kila asubuhi naingia kazini na kutandaza neti ya kwanza. Kwa hiyo usitume mtu kunichukua.

Msalimie wifi yangu Dhaki, mwambie maziwa yake nayaota. Msalimie na yule mzee mchimba visima, jirani yetu, na shangazi aliyetulea baada ya mama. Mungu awape mvua isiyobomoa, na ngamia warudi wote.

Ni mimi mdogo wako,
Halima Jarso, jina ninaloliandika mahali ninapotaka mwenyewe.